Saa ya Kwanza Mlangoni kwa Mchungaji

Hotuba kwa wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa na walezi wa vijana, Kisumu

Bwana Yesu asifiwe.

Asanteni kwa kuja, ninyi wa hapa mjini, na ninyi mliopanda matatu alfajiri kutoka Bungoma, Kaimosi, Homa Bay na Nakuru. Humu ndani wamo Waanglikana, Wakatoliki, Marafiki (Quakers), Waadventista, Wapentekosti na ndugu zetu wa Jeshi la Wokovu. Tunatofautiana kuhusu ubatizo, Sabato na sakramenti, lakini kuhusu ndoa makanisa yetu karibu yote yanafundisha kwamba ni ya mume na mke. Sikuja kuwaomba mbadilishe fundisho hilo leo. Nimekuja kuzungumza juu ya saa moja tu: ile ambayo kijana wa kwaya anabisha mlango wako, au mama yake anabisha, anakaa kimya muda mrefu, kisha anasema kwamba yeye, au mwanawe, anavutiwa na watu wa jinsia yake.

Tunalofanya katika saa hiyo ndilo huamua kama mtu huyo atabaki kanisani, kama atabaki nyumbani kwao, na mara nyingine kama atabaki hai. Wengi wetu tulitoka chuo cha theolojia tukiwa tumefundishwa Warumi sura ya kwanza. Saa hiyo hatukufundishwa.

Nianze na Maandiko, kwa sababu Biblia ndiyo tunayoikimbilia kwanza, na ni vyema tuikimbilie. Vifungu vyenyewe ni vichache: Mwanzo 19, pamoja na Waamuzi 19 inayofanana nayo, Walawi 18:22 na 20:13, Warumi 1:26–27, 1 Wakorintho 6:9–10, 1 Timotheo 1:10, na Yuda 7. Tatizo letu kubwa ni kwamba tunavijua kwa mstari, hatuvijui kwa sura.

Chukueni Sodoma. Wanaume wa mji, vijana kwa wazee, wanaizunguka nyumba ya Lutu wakitaka kuwabaka wageni wake. Huo ni ubakaji wa genge. Kule Gibea, katika Waamuzi 19, jambo hilo hilo linaanza kwa mgeni mwanamume na linaishia kwa suria wake, anayebakwa usiku kucha hadi anakufa. Ezekieli 16:49 anapoitaja dhambi ya Sodoma anataja kiburi, kushiba chakula, na kutoutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji. Msisimame hapo kana kwamba mmemaliza, maana mstari wa 50 unataja machukizo, na Yuda 7 anataja uasherati. Soma yote. Lakini kijana aliyeketi mbele yako hajabomoa mlango wa mtu. Ukimfungulia Mwanzo 19 umemwambia kwamba yeye ni mbakaji, na hatarudi tena ofisini kwako.

Walawi 20:13 unatoa hukumu ya kifo. Ukiusoma mimbarani ukauacha hivyo bila maelezo, yupo atakayetoka akiamini kwamba umempa ruhusa ya kumpiga jirani yake mawe. Katika sura hiyo hiyo mstari wa 9 unatoa hukumu hiyo kwa anayemlaani baba au mama yake, na mstari wa 10 unaitoa kwa mzinzi na mzinifu wote wawili. Hakuna kanisa Nyanza wala Bonde la Ufa linalowaua wazinzi, na kila mmoja wetu anaweza kueleza kwa nini: tunawapeleka Yohana 8, kwa Bwana aliyeinama akaandika chini. Maelezo unayompa mzinzi mpe na huyu mwingine. Kama huna nafasi ya kuyatoa Jumapili hiyo, usisome mstari huo Jumapili hiyo.

Warumi 1 ndicho kifungu kizito kuliko vyote, na sitakipunguza uzito. Paulo anataja wanaume waliowakiana tamaa, na anataja wanawake pia. Lakini Paulo hakuandika kwa sura; sura ziliingizwa katika karne ya 13. Waraka unaendelea bila kupumua: husuda, uuaji, fitina, hadaa, wenye kusengenya, wenye kusingizia, wasiowatii wazazi wao. Kisha inafika 2:1: “Kwa hiyo, wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru.” Paulo amemwandaa msikilizaji akubaliane naye hatua kwa hatua, halafu anamgeukia yeye mwenyewe. Mhubiri anayekomea 1:27 amewanyima watu wake shabaha ya hoja nzima. Na kikundi cha maombi kinachompeleka mtu kwenye umbea kimo katika orodha hiyo hiyo, mistari miwili tu mbele.

1 Wakorintho 6 pia inaanza mahali ambapo hatupasomi: ndugu wanashtakiana mahakamani kwa makafiri. Kesi za mashamba, tungesema huku kwetu. Baada ya orodha ya wafiraji, walawiti, wevi, walevi na watukanaji inakuja 6:11: “Na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii.” Wako ndani ya kanisa la Korintho, wameketi, barua inasomwa wakisikia.

Mtakutana na vijana waliosoma kwenye simu kwamba wataalamu wanabishana, na ni kweli wanabishana. Upande mmoja unasema Paulo alikuwa akilenga ibada za sanamu, watumwa waliotumiwa na mabwana zao, na wanaume wazima waliowatumia wavulana, wala hakuwa na picha ya watu wawili wazima wanaoishi kwa uaminifu. Upande wa pili unajibu kwamba Warumi 1 inazungumzia tamaa ya pande zote mbili, kwamba Torati haitaji watumwa wala wavulana katika katazo lake, na kwamba Yesu mwenyewe katika Mathayo 19:4–6 anaijenga ndoa juu ya Mwanzo 1 na 2, mume na mke. Mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi katika maandishi yenyewe. Hata hivyo kijana akikuletea hoja ya kwanza, usimwambie imetoka kwa shetani. Mwambie unaijua, mweleze unavyoisoma wewe, na umwache aulize. Anayedanganywa kwamba swali halipo huenda kuliuliza mahali pengine.

Kabla ya kutoka kwenye mafundisho, yako mawili tunayoyanukuu nusu. Waanglikana, azimio namba 1.10 la Lambeth, mkutano wa maaskofu wenu wa dunia nzima, la 1998 lilipita kwa kura 526 dhidi ya 70, na maaskofu 45 hawakupiga upande wowote. Maaskofu wa Afrika walilipigania. Linasema tendo la jinsia moja halipatani na Maandiko, na sehemu hiyo inajulikana hadi vijijini. Azimio hilo hilo linawaagiza Wakristo wawahudumie watu wote kichungaji na kwa uangalifu bila kujali wanavutiwa na nani, wawasikilize, na walaani hofu isiyo na sababu dhidi yao. Ninyi Wakatoliki, Katekisimu namba 2357 na 2358 zimefuatana. Ya kwanza inahukumu tendo. Ya pili inasema watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na uangalifu, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Anayeshika nusu moja ya azimio hajalishika azimio.

Na tofautisheni kuvutiwa na kutenda. Yakobo 1:14–15 anaipanga hatua kwa hatua: mtu hujaribiwa na tamaa yake, tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi. Kijana anayesema “ninavutiwa” hajaungama tendo lolote. Hakuna cha kumwekea nidhamu hapo.

Sasa saa yenyewe.

Mahali: chumba ambacho mlango wake una kioo au unaachwa wazi kidogo, mtu mzima mwingine akiwa anaonekana lakini hasikii. Hapo umemlinda yeye na umejilinda wewe. Siyo chumba cha kubadilishia majoho ambako kwaya inapita. Simu yako izime mbele yake, uiweke mezani aione. Usiandike jina lake kwenye daftari la ushauri nasaha linalokaa kwenye kabati la ofisi na kufunguliwa na katibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inauhesabu mwelekeo wa kijinsia wa mtu kuwa data nyeti, pamoja na afya yake na imani yake. Kanisa linaloandika jambo hilo kwenye faili na kuliacha lisomwe limeingia matatani na sheria, mbali na kumwangamiza mtu.

Neno la kwanza liwe la kumshukuru kwa kukuamini. Usifungue Biblia katika dakika kumi za kwanza. Msikilize amalize, hata akilia, hata akirudia. Kisha uliza maswali matatu, kwa utaratibu huu: Nani mwingine anajua? Uko salama nyumbani unakolala usiku wa leo? Umewahi kufikiria kujiua?

Swali la tatu liulizwe kwa maneno hayo hayo, bila kuzunguka. Wengi wanaogopa kwamba ukitaja kujiua unampa mtu wazo. Sivyo. Aliye nalo hupata nafuu kuulizwa, asiye nalo atasema hana. Akisema ndiyo, uliza kwa njia gani na kama amepata kifaa. Mashambani kwetu jibu mara nyingi ni dawa ya kunyunyizia mboga, sumu ya panya au kamba. Usimwache peke yake hata akisema amepata amani baada ya maombi. Mtafuteni jamaa mmoja anayemwamini, na huyo aiondoe dawa nyumbani siku hiyo hiyo, kwa sababu fikira hiyo hupanda na kushuka, na katika saa za kupanda kinachookoa ni kifaa kuwa mbali. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haitozi pesa, na ya watoto ni 116. Mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu, hapa kwetu Jaramogi, ile wenyeji wanayoiita Russia. Na kama amekwisha kunywa dawa, msimtapishe, msimpe maziwa. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni huku mmejikinga mikono, bebeni chupa yenye lebo, na mkimbie. Msiogope polisi kwa ajili yake: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

Kuhusu sheria nyingine, kwa ufupi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, inatoa kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 hadi miaka mitano. Vifungu hivyo tulivirithi kutoka kwa Waingereza, na Mahakama Kuu ilivithibitisha tarehe 24 Mei 2019. Vinaadhibu matendo. Havimfanyi mtu mhalifu kwa sababu ya anavyohisi. Na kumlazimisha mtu apimwe sehemu za siri ili kupata ushahidi kulikatazwa na Mahakama ya Rufani Mombasa mnamo Machi 2018. Mchungaji hana kazi ya upelelezi katika jambo hili.

Ila kuna hali moja ambapo lazima uende kwa mamlaka, nayo tunaichanganya na hii kila siku. Mtoto aliyeingiliwa na mtu mzima, awe mvulana au msichana, amedhulumiwa. Jambo hilo halihusu anavutiwa na nani. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haitofautishi mvulana na msichana. Wavulana wetu ndio wanaofichwa zaidi, familia ikihofia jina. Asioge. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye karatasi au bahasha ya khaki, siyo kwenye nailoni, maana unyevu huharibu ushahidi. Afike hospitali haraka, na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia HIV zikichelewa kupita hapo hazianzishwi. Daktari atajaza fomu zake, polisi watatoa P3, fomu yao ya kuandikia majeraha, na laini ya dhuluma za kijinsia, 1195, itawaelekeza. Kesi ya namna hiyo haimalizwi kwa ng'ombe na kikao cha wazee chini ya mti, hata kama mshtakiwa ni mzee wa kanisa au mwalimu wa Shule ya Jumapili. Kesi ya huyo ndiyo hasa isimalizwe kimya kimya.

Nirudi kwa yule kijana. Atauliza, au mama atauliza: je, anaweza kuombewa akapona?

Mwombee. Mwombee kama unavyomwombea kila mtu, kwa upole, kwa ruhusa yake, bila kupiga kelele masikioni mwake. Lakini usimwahidi kwamba mvuto utaondoka kufikia tarehe fulani. Huko Marekani shirika la Kikristo lililoitwa Exodus International lilianza 1976 likiwasaidia watu wabadilike, na mwaka 2013 lilijifunga lenyewe, kiongozi wake akiwaomba radhi waliodhurika. Hao walikuwa watu wa maombi, si wapinga Biblia. Kinachoharibika ni hiki: mtu anaahidiwa, anafunga, anangoja, mvuto unabaki. Anafikia mojawapo ya hitimisho mbili, kwamba Mungu amemkataa au kwamba Mungu hayupo. Nasi ndio tuliompa ahadi ambayo Biblia haikuitoa.

Kumfungisha siku tatu bila maji, kumfungia chumbani, kumchapa ili “roho itoke”, hayo ni mateso na Katiba inayakataza katika kifungu cha 29. Baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako waumini walifungishwa hadi wakafa, hakuna kiongozi wa kanisa nchini anayeweza kusema hakujua kufunga kunaweza kufika wapi.

Dawa nyingine inayopendwa sana kwetu ni harusi. “Muozeni, atatulia.” Jamaa wanakusanya mahari, binti wa watu anatoka kwao akiamini amependwa, na hakuna aliyemwambia neno. Miaka inapita, watoto wamezaliwa, kisha siri inatoka. Mchungaji aliyejua na akabariki ndoa hiyo amemkosea yule msichana kwa macho yake wazi. Kama mwanamume mwenyewe anataka kuoa, mchumba wake lazima aambiwe na mwanamume huyo huyo kabla ya posa, na apewe muda wa kukataa bila aibu. Anayetaka kubaki bila ndoa kwa sababu ya imani yake asisukumwe. Yesu katika Mathayo 19:11–12 anasema si wote wawezao kulipokea neno hili, ila wale waliojaliwa, na Paulo mwenyewe hakuwa na mke alipoandika 1 Wakorintho 7. Lakini makanisa yetu hayana mahali pa mtu mzima asiyeoa. Hagawiwi kazi, hatajwi kwenye mipango ya familia, na kwenye sherehe anaulizwa ataoa lini. Kanisa linalomtaka aishi peke yake ndilo lenye deni la kumfanya asiwe peke yake: mwalikeni chakula cha Jumapili kwa zamu, mpeni watoto wa ubatizo wa kuwalea, muwekeni mtu wa kumtembelea akiugua.

Wazazi. Mama atasema, “Nilikosea wapi?” Baba atauliza nani alimfundisha, na lawama itaangukia bweni, au mama, au marehemu nyanya. Utafiti uliochapishwa 2019 uliochunguza karibu watu nusu milioni haukupata jeni moja inayosababisha mvuto wa jinsia moja. Ulipata mchango mdogo mdogo wa jeni nyingi, pamoja na mambo mengine ambayo si ya kurithi. Kwa hiyo usiwape wazazi sababu moja, maana huna. Waambie usiku huo wafanye matatu tu: asifukuzwe, asipigwe, na asitajwe kwa ndugu wengine kabla hajakubali. Kijana akifukuzwa Kondele au Nakuru saa tatu usiku bila nauli, anakwenda kwa yeyote atakayempa mahali pa kulala, na wanaowasubiri watoto kama hao hawana nia njema. Kama baba bado ana hasira, tafuta shangazi au mjomba ambaye kijana mwenyewe amemtaja, akalale huko wiki mbili, wazazi wakijua aliko. Karo iendelee kulipwa. Mtoto aliyetolewa shuleni kwa sababu hii mara nyingi harudi.

Tunza siri kuliko unavyofikiri inatosha. Siri hutoka kwa njia ya maombi: “Tumwombee ndugu mmoja wa sauti ya tatu.” Sauti ya tatu ina wavulana wanne. Kufikia jioni jina liko kwenye kikundi cha WhatsApp, na wiki inayofuata kuna mtu anayempigia simu akidai pesa ili anyamaze. Kutisha mtu ili atoe pesa ni kosa la jinai, na aliyetishwa anayo haki ya kulindwa. Ahifadhi ujumbe na namba, asiendelee kulipa, na aongee na wakili kwanza.

Jumapili inayofuata aimbe. Ukimwondoa kwenye kwaya wiki hiyo umemtangaza bila kutamka. Kama kuna tendo lililofanyika na kanuni za dhehebu lenu zinataka nidhamu, fuata Mathayo 18:15–17 kwa mpangilio wake: wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili, na kanisa mwisho kabisa. Makanisa mengi huanzia hatua ya tatu, kipaza sauti kikiwa mkononi. Na muda wa nidhamu uwe ule ule mnaompa kijana aliyempa msichana mimba. Kama huyo mlimsimamisha miezi mitatu na huyu mnamtenga maisha yote, mmeongeza sheria ambayo haimo katika Biblia yenu wala katika katiba ya kanisa lenu.

Mpigie siku ya tatu, mwone tena ndani ya wiki, kisha kila wiki mbili hadi mwezi wa tatu. Hapo ndipo mnaweza kusoma Warumi pamoja, sura ya kwanza hadi ya nane, polepole. Na ninyi mnaohamishwa kila mwisho wa mwaka: kabla hujakabidhi parokia, muulize kama anataka mchungaji anayekuja ajue. Akikataa, usimwambie mrithi wako chochote, na usiache karatasi nyuma.